Ajali ya Reli si Majaaliwa: Historia ya Breki, Faida na Maisha ya Abiria

Reli si chuma na mataruma tu. Reli ni uhusiano wa watu: anayeijenga, anayeimiliki, anayeiendesha na anayeipanda. Kwa sababu hiyo historia ya ajali za reli haiwezi kuandikwa kama orodha ya misiba iliyotokea hapa na pale kwa bahati mbaya. Yatupasa kuiandika kama historia ya maamuzi: nani aliamua, aliamua kwa manufaa ya nani, na nani alilipa gharama ya uamuzi huo.

Sisi Watanzania tunayo sababu ya pekee ya kulichunguza jambo hili. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ikiwa na watu zaidi ya 1,000, ilipata hitilafu ya breki ilipokuwa ikipanda mlima kati ya stesheni za Msagali na Igandu, mkoani Dodoma. Ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma, kwanza polepole, halafu kwa kasi ambayo hakuna aliyeweza kuizuia, mpaka ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Nchi yetu haijapata kuona ajali ya reli kubwa kuliko hiyo.

Baada ya msiba wa namna hiyo husikika maelezo ya aina mbili. Ya kwanza husema kwamba imeandikwa, siku za marehemu zilikuwa zimefika. Ya pili husema kwamba yuko mtu mmoja mzembe, dereva au fundi, na akishapatikana na kuadhibiwa shauri limekwisha. Maelezo ya kwanza huwafariji wafiwa, wala hatuna ugomvi na imani ya mtu; lakini kada anayeishia hapo ameikimbia kazi yake. Maelezo ya pili yanaweza kuwa na ukweli ndani yake, maana uzembe upo na hauna budi kuadhibiwa. Lakini yanaliacha swali kubwa bila jibu: kwa nini kosa la mtu mmoja, au kuharibika kwa kifaa kimoja, kuweze kuua watu 281? Tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kuangalia ilikotoka breki ya treni, nani aliipinga, na nani aliilazimisha.

Fundisho la Armagh, 1889

Uingereza ndiyo iliyokuwa mama wa reli, na ndiyo iliyokuwa mama wa ubepari wa viwanda. Katika karne ya 19 reli zake zilikuwa mali ya makampuni binafsi yaliyoshindana kutafuta faida. Dola ilikuwa na wakaguzi wa reli tangu mwaka 1840, chini ya Bodi ya Biashara, lakini kwa miaka mingi wakaguzi hao walikuwa na uwezo wa kuchunguza, kuandika na kushauri. Kuyaamuru makampuni hawakuwa na uwezo.

Wakati ule treni nyingi zilisimamishwa kwa breki za injini na breki ya mkono iliyokuwa katika behewa la gadi. Mabehewa ya katikati hayakuwa na breki yoyote ya kutegemewa. Mafundi walikwisha kupata dawa. Huko Marekani, George Westinghouse alisajili breki yake ya hewa mwaka 1869, na baada ya miaka michache akaiboresha ikawa breki inayokamata yenyewe. Utaratibu wake ni huu: bomba la hewa hupita chini ya mabehewa yote, na kila behewa lina tangi lake dogo la hewa na breki zake. Bomba likijaa hewa, breki hulegea na treni huenda. Bomba likikatika, au mabehewa yakiachana, hewa hutoka na breki za kila behewa hukamata bila kungoja amri ya mtu. Katika mpango huu, chombo kinapoharibika huelekea kwenye usalama. Hilo ndilo wazo kubwa kuliko yote katika historia ya usalama wa reli.

Mwaka 1875 breki za aina mbalimbali zilijaribiwa hadharani karibu na mji wa Newark huko Uingereza, mbele ya Tume iliyoundwa kuchunguza ajali za reli. Kwa hiyo ujuzi ulikuwapo, na ulijulikana. Lakini makampuni mengi yalikataa kuitumia breki hiyo katika mabehewa yote. Yalidai kwamba ni ghali. Yalidai kwamba dola isiingilie mali ya watu. Mengine yalinunua breki ya bei nafuu ya kufyonza hewa, ambayo ilifanya kazi maadamu imeunganishwa na injini. Mabehewa yakitengwa na injini, breki hiyo hufa.

Tarehe 12 Juni 1889, katika Ireland iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza, treni ya matembezi ya watoto wa shule za Jumapili na wazazi wao iliondoka mji wa Armagh. Ilikuwa na mabehewa 15 yaliyojaa watu wapatao 900. Ilipofika kwenye mlima mkali, injini ikashindwa kupanda. Wafanyakazi wakaamua kuigawa treni: injini iyavute mabehewa ya mbele, na mabehewa 10 ya nyuma yabaki mlimani yakishikiliwa na breki ya mkono ya gadi pamoja na mawe machache yaliyowekwa chini ya magurudumu. Breki iliyokuwamo ilikuwa ile ya bei nafuu. Walipoyaachanisha mabehewa, ikafa. Injini ilipotikisika kidogo kurudi nyuma, mawe yakasagika. Mabehewa 10 yakaporomoka mlimani, milango ikiwa imefungwa kwa funguo ili watu wasio na tiketi wasiingie, mpaka yakaigonga treni nyingine iliyokuwa ikija. Watu wapatao 80 walikufa, wengi wao wakiwa watoto.

Safari hii hasira ya umma haikuzimika kwa kumlaumu dereva. Kabla miezi mitatu haijakwisha, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Reli ya mwaka 1889. Sheria hiyo iliipa Bodi ya Biashara uwezo wa kuyaamuru makampuni mambo matatu: breki zinazokamata zenyewe katika kila treni ya abiria, sehemu moja ya njia isiingiwe na treni mbili kwa wakati mmoja, na ishara zifungamane na njia panda za reli ili zisipingane. Makampuni yaliyodai kwa miaka mingi kwamba fedha hakuna yakazipata mara tu sheria ilipoyalazimisha. Marekani nayo, ambako wafungaji wa mabehewa walikuwa wakipoteza vidole na maisha kila siku, ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1893.

Armagh inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kati ya siku ujuzi unapopatikana na siku unapotumika kuwalinda wanyonge, kuna pengo. Na pengo hilo hujazwa na maiti. Pili, pengo hilo halizibwi na huruma ya wenye mali. Linazibwa na nguvu ya umma inayogeuka kuwa sheria.

Reli ya mkoloni katika nchi yetu

Sasa tutazame nyumbani. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ya kilomita 1,250 hivi. Waingereza waliongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililofunguliwa mwaka 1928. Walijenga pia reli ya Mtwara na Nachingwea kwa ajili ya mpango wao wa karanga. Mpango ulipoanguka, reli nayo haikudumu; ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ukiitazama ramani hiyo utaona kusudi lake. Kila njia ilitoka bandarini na kuingia bara, kama mrija wa kunyonya. Mkonge, pamba, kahawa na manamba ndiyo mizigo iliyokusudiwa. Abiria Mwafrika hakuwamo katika mawazo ya wajenzi ila kama nguvu kazi inayosafirishwa kwenda mashambani. Ndiyo maana reli zilikuwa za njia moja na kipimo chembamba cha mita moja, zenye kona nyingi kwa sababu ni nafuu kuzunguka mlima kuliko kuutoboa.

Ubaguzi wa rangi nao ulipanda treni. Daraja la kwanza kwa desturi lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika, kwenye viti vya mbao na msongamano. Tusidhani kwamba daraja la tatu lilikuwa suala la kukosa raha peke yake. Katika reli, ubora na usalama ni ndugu wa tumbo moja. Behewa lililojaa kupita kiasi ni behewa ambalo ndani yake wengi watakufa likipinduka. Behewa kuukuu ndilo linalovunjikavunjika likigongwa. Anayepewa kiti kibaya hupewa pia hatari kubwa zaidi.

Wafanyakazi wa reli waliyafahamu hayo mapema. Mwaka 1960 chama chao cha Tanganyika kiliongoza mgomo uliodumu kwa zaidi ya miezi miwili, mmoja wa migomo mirefu kabisa katika nchi yetu kabla ya Uhuru. Madai yao yalikuwa ya mishahara. Lakini reli isiyomlipa mfanyakazi wake kiasi cha kumwezesha kula, kupumzika na kukaa kazini haiwezi kumtazamia awe macho usiku kucha.

Reli mikononi mwa umma

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuhesabu usafirishaji kuwa miongoni mwa njia kuu za uchumi, ambazo hazina budi kuwa chini ya wakulima na wafanyakazi kwa kupitia Serikali yao. Mwaka huohuo Tanzania na Zambia zilitia saini makubaliano na China ya kujenga reli ambayo nchi za Magharibi zilikuwa zimesema haifai. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Ilikuwa reli ya kwanza katika sehemu hii ya Afrika kujengwa si kwa ajili ya mrija wa mkoloni bali kwa ajili ya kuukata.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo Shirika la Reli la pamoja. Shirika la Reli Tanzania liliundwa mwaka huohuo katika hali ngumu: karakana kubwa ya injini ilibaki Nairobi, na nchi yetu ikalazimika kujitafutia mafundi, vipuri na karakana zake. Muda si mrefu ikaja vita ya Kagera, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikakauka. Katika hali hiyo wafanyakazi wa reli waliendelea kuwapeleka wananchi Kigoma na Mwanza, mara nyingi kwa kutengeneza kwa mikono yao kile kilichoshindikana kununuliwa. Hilo ni jambo la heshima, na historia yetu ilikumbuke.

Lakini heshima haishiki treni mlimani. Hapa yatupasa kusema wazi jambo ambalo makada wengine huona haya kulisema. Umiliki wa umma ni sharti la reli ya wananchi. Si hakikisho lake. Reli ya umma inayonyimwa fedha za matengenezo huua kama reli ya bepari.

Mfano mmoja wa nje utatosha. Tarehe 12 Desemba 1988, karibu na kituo cha Clapham Junction mjini London, treni ziligongana na watu 35 wakafa. Reli ile ilikuwa ya umma. Chanzo kilikuwa waya mmoja wa zamani wa ishara ambao fundi hakuuondoa vizuri, ukagusa mahali usipotakiwa na kuizuia taa isiwe nyekundu. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika majuma 13 fundi yule alikuwa amepumzika siku moja tu, na kazi yake haikukaguliwa na mwingine. Anayetaka kumlaumu fundi na amlaumu. Sisi tunauliza: nani alipanga idadi ya mafundi? Nani alipunguza fungu la fedha mpaka mtu mmoja akafanya kazi ya watu kadhaa?

Mwaka 2002: siku 30 kati ya misiba miwili

Sasa turudi kwenye mlima. Tarehe 25 Mei 2002, huko Tenga nchini Msumbiji, treni iliyobeba abiria pamoja na mizigo ilipata hitilafu njiani. Mabehewa ya abiria yakatenganishwa na ya mizigo, na magurudumu yakazuiwa kwa mawe. Mawe hayakushika. Mabehewa yakateremka na kuyagonga yale ya mizigo, na karibu watu 200 wakafa. Baada ya siku 30 ikatokea Igandu.

Tuzipange ajali hizi tatu pamoja: Armagh 1889, Tenga Mei 2002, Igandu Juni 2002. Zote ni treni za abiria zilizosimama mlimani kwa sababu ya hitilafu. Katika zote breki ilishindwa kulishinda zito la treni. Zote zilirudi nyuma na kugonga kilichokuwa nyuma yao. Kati ya ya kwanza na ya mwisho imepita miaka 113. Nani atathubutu kusema kwamba hatari hiyo haikujulikana?

Wengine watauliza: je, treni za mwaka 2002 hazikuwa na breki zinazokamata zenyewe? Jibu ni kwamba breki ya hewa, kama kila chombo, ina masharti yake. Hewa iliyofungwa katika silinda za breki huvuja polepole, na huvuja haraka zaidi katika mabehewa makuukuu yenye mipira iliyochakaa. Treni ikisimama mlimani kwa muda, hapana budi breki za mkono zifungwe, behewa baada ya behewa, na vizuizi vya kweli viwekwe chini ya magurudumu. Kazi hiyo inahitaji breki za mkono zinazofanya kazi, watu wa kutosha kuzifunga, mafunzo yanayorudiwa mara kwa mara, na njia ya mawasiliano ya kuionya treni iliyo nyuma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotoka mbinguni. Kila kimoja ni fungu katika bajeti.

Na bajeti zilikuwa zimekwenda wapi? Reli za Msumbiji zilikuwa zimeharibiwa na vita ndefu iliyochochewa na makaburu. Kwetu sisi, tangu mwaka 1986 nchi iliingia katika masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kuandaliwa kukabidhiwa watu binafsi. Ng'ombe anayengoja kuuzwa hapewi majani mengi. Shirika linaloambiwa kwamba mwakani litakuwa la mwingine haliwekewi mataruma mapya, na mafundi wake wazoefu huondoka na ujuzi wao. Hatusemi kwamba masharti hayo ndiyo yaliyoilegeza breki ya Igandu. Tunasema kwamba yaliipunguza nguvu mikono yote iliyopaswa kuishika.

Hali ni hiyohiyo katika ajali za aina nyingine. Mwezi Januari 1985, karibu na Awash nchini Ethiopia, treni iliingia kwenye kona kwa mwendo mkali na kutoka relini. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mwezi Januari 1993, huko Ngai Ndethya nchini Kenya, treni ya usiku iliyokuwa katika safari kati ya Mombasa na Nairobi ilifika kwenye daraja lililokwisha kusombwa na maji, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mvua inanyesha kwa amri ya Mungu. Lakini mtu wa kulikagua daraja wakati wa mvua, na simu ya kuisimamisha treni kabla haijafika, ni amri ya binadamu.

Ukodishaji na matokeo yake

Dawa iliyopendekezwa baada ya hapo ilikuwa kuikodisha reli. Sheria ya mwaka 2002 iliunda kampuni ya kushika mali za reli, na tarehe 1 Oktoba 2007 uendeshaji wa Reli ya Kati na ya Tanga ulikabidhiwa kwa kampuni mpya, TRL. Kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na Serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25.

Makada vijana na watazame tarehe hizo vizuri. Uingereza, ambayo washauri wake walizunguka Afrika wakihubiri ubinafsishaji, ilikuwa imezibinafsisha reli zake kwa sheria ya mwaka 1993. Mwezi Oktoba 1999, huko Ladbroke Grove, treni iliipita taa nyekundu na watu 31 wakafa. Chombo cha kuisimamisha treni yenyewe dereva anapopita taa nyekundu kilikuwa kimependekezwa baada ya Clapham, kisha kikakataliwa kwa hoja kwamba gharama yake ni kubwa kuliko idadi ya watu kitakaowaokoa. Mwezi Oktoba 2000, huko Hatfield, reli yenye nyufa ilivunjika chini ya treni na watu wanne wakafa. Kampuni binafsi iliyomiliki njia ilikuwa imewaachia wakandarasi matengenezo, na haikujua vizuri hali ya mali yake yenyewe. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilifilisika. Mwaka 2002 njia za reli za Uingereza zilikabidhiwa kwa chombo kisicho na wenye hisa wa kulipwa faida. Yaani mwaka uleule ambao Waingereza waliitema dawa hiyo, sisi tulikuwa tukiandaliwa kuimeza.

Hapa kwetu ukodishaji haukuleta yaliyoahidiwa. Injini zilipungua, malipo ya wafanyakazi yakawa chanzo cha migogoro na migomo, na mwenye mkataba na Serikali wakalaumiana. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yalisomba njia katika bonde la Kilosa na Gulwe, na treni za abiria za bara zikasimama kwa miezi. Mwananchi wa Kigoma hakuwa na habari na asilimia 51 wala 49. Alijua kwamba nauli ya basi ni kubwa na barabara ni mbaya. Mwaka 2011 Serikali ilizichukua tena hisa zile. Sheria ya mwaka 2017 ikaunganisha tena umiliki wa njia na uendeshaji wa treni chini ya Shirika la Reli Tanzania.

Fundisho letu si kwamba wageni ni wabaya. Wachina walijenga TAZARA nasi, na baadhi yao wamezikwa katika ardhi yetu. Fundisho ni kwamba usalama haukodishwi. Mwenye mkataba huhesabu miaka ya mkataba wake. Taruma lililooza huhesabu miaka yake lenyewe.

Reli mbili katika nchi moja

Mwezi Juni 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi Julai zikafika Dodoma. Tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua rasmi. Reli hiyo imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, bila kona za mkoloni, na kwa mfumo wa ishara wa aina inayoweza kuisimamisha treni dereva akikosea. Safari ya Dodoma iliyokuwa ya kutwa au ya usiku kucha imekuwa ya saa nne hivi. Hayo ni maendeleo makubwa, na ni mali ya umma.

Lakini ushindi huu unazaa swali jipya. Reli ya zamani haikufa. Juni 2022 treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Kigoma ilitoka relini huko Malolo, mkoani Tabora, na watu wanne wakafa. Mkulima anayepanda katika stesheni ndogo na magunia yake hawezi kungoja mpaka njia ya umeme imfikie. Tukimpa msafiri wa mjini kiti cha kisasa na breki ya kisasa, tukamwachia yule wa stesheni ndogo kilichobaki, tutakuwa tumelijenga upya daraja la tatu: safari hii si katika behewa moja la treni moja, bali katika ramani nzima ya nchi. Tena reli mpya nayo itazeeka. Igandu haikuanza siku ya ajali, ilianza siku ya kwanza ambayo mtu alisema, "Hilo litangoja mwakani."

Kazi ya makada

Kutokana na historia hii tunaziona kazi nne.

Kwanza, kuielimisha jamii iache kusema "majaaliwa" mahali panapostahili swali. Baada ya kila ajali, kada aulize: breki ilikaguliwa lini? Dereva alilala saa ngapi? Nani aliomba vipuri, na nani aliyemnyima? Taarifa ya uchunguzi isomwe na wananchi, isifungiwe kabatini.

Pili, kusimamia kwamba fungu la matengenezo haliguswi. Kuzindua ni siku moja. Kukaza boliti ni kila siku. Kiongozi apimwe kwa kilomita anazozitunza sawasawa na anavyopimwa kwa kilomita anazozizindua.

Tatu, kumpa mfanyakazi wa reli sauti. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliunda Baraza za Wafanyakazi, na Mwongozo wa mwaka 1971 ukakataza ubwana kazini. Maana ya mambo hayo katika reli ni moja: fundi au gadi anayesema "treni hii isiondoke" asikilizwe, wala asiadhibiwe kwa kuchelewesha safari. Mahali ambapo mdogo anaogopa kusema, mkubwa husafiri na kifo bila kujua.

Nne, kuihami reli kwa nguvu ya wananchi wenyewe. Anayeng'oa taruma la chuma au kukata waya wa shaba akauze kama chuma chakavu, anauza maisha ya jirani yake kwa kilo. Vijiji vilivyo kando ya njia ndivyo macho ya kwanza ya reli, hasa wakati wa mvua. Na anayekata miti katika miinuko ya juu ya bonde la Kilosa anaupeleka udongo mtoni, na mto hulibomoa tuta.

Breki ya treni ina busara ambayo uongozi unafaa kuiiga: inapopotewa na nguvu, hukamata. Haiendi mbele kwa mazoea. Watoto wa Armagh walikufa kwa sababu breki ya namna hiyo ilionekana kuwa ghali. Abiria 281 wa Igandu walikufa wakati ujuzi huo ulikwisha kuwa mkongwe kuliko babu zao. Deni lao halilipwi kwa mnara peke yake. Linalipwa usiku wa leo, katika kila treni inayopanda mlima wa Igandu, kwa breki iliyokaguliwa na mtu aliyepumzika.